Sitini Kwenye Sakafu Tambarare

Wanangu, kila mnapokuja kunisalimia hapa Bigwa, baada ya shikamoo na glasi ya maji, mmoja wenu lazima aniulize: "Mama Hadija, kwenye kani kebo ipi ni nzuri?" Nami huwajibu kwa kuwauliza itapita wapi. Mnatazamana. Najua mnachofikiri, kwamba mama wa watu kastaafu na majina ya kebo yamemtoka. Hayajanitoka. Nimefanya kazi ya umeme wa magari miaka thelathini na moja, na ile ya mwisho mwisho karibu kila gari lililoingia karakana yetu kule Kihonda lilikuwa na kani, ule mtandao wa nyaya wanaouandika CAN, ndani yake. Nawauliza hivyo kwa sababu kuna mtu alipoteza kazi na jina lake kwa kuwa mimi, siku moja, sikujiuliza.

Nitawasimulia. Ila nianzie kwenye nyaya zenyewe, maana hata nyinyi mlioko chuoni najua wengine mnapasi mtihani bila kuielewa kani.

Zamani taa ya breki ilikuwa na waya wake, honi wake, geji ya joto wake. Ukifungua dashibodi unakuta kichaka. Kani ilikifyeka kichaka kile. Ni nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja, zinapita kutoka kifaa hiki kwenda kile, na vifaa vyote vinaongea humo humo kwa zamu. Injini inasema joto langu ni kiasi hiki. Kioo cha dereva, kile cha namba kwenye dashibodi, kinasikia na kuonyesha, gia inasikia na kuendelea na yake. Mwanzoni mwa njia kunafungwa rezista, kizuizi cha umeme, ya ohm mia na ishirini, na mwishoni rezista nyingine ya hivyo hivyo, ili maneno yakifika mwisho yasirudi kama mwangwi. Zima umeme wote, weka mita kati ya zile nyaya mbili: unatakiwa usome sitini, kwa sababu rezista mbili zikiwa sambamba husomeka kama nusu ya moja. Ukisoma mia na ishirini, ujue rezista ya upande mmoja haionekani. Ama hukuifunga, ama waya umekatika njiani.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Tesha, fundi mkuu wetu, mtu wa Kilimanjaro aliyekuja Morogoro kwa miezi mitatu na kuishia kuzeekea hapa. Alikuwa mpole, lakini upole wake ulikuwa unachoma. Gari langu la kwanza la kani lilikuwa na vifaa vitano, nami kwa woga nikafunga rezista kwenye kila kifaa, nikiamini kinga ikizidi ni salama zaidi. Nikawasha. Kimya. Mzee Tesha akaweka mita, akasoma ishirini na nne, akanitazama.

"Hadija, umeweka walinzi watano mlangoni. Sasa hata mwenye nyumba haingii."

Karakana nzima ilicheka, na mimi nikabaki nimeshika koleo. Mara nyingine nilifunga kani kama tunavyofunga taa za nyumbani, kila kifaa na mkia wake mrefu kutoka sehemu moja ya katikati. Lilikuwa basi la wanafunzi. Kila dereva alipofunga mlango, geji ya mwendo ilianguka sifuri. Wanafunzi walifurahi, wakawa wanamwambia dereva tumefika kabla hatujaondoka. Mzee Tesha akanifanya niitoe yote na kuifunga upya: njia kuu moja, na kila kifaa kikae karibu nayo, mkia wake usizidi urefu wa mkono.

Kuhusu konekta alikuwa mkali zaidi. Hakuniruhusu kulehemu kwa risasi waya unaoingia kwenye terminali, ile pini ya chuma ndani ya konekta. Alisema risasi inapanda ndani ya nyuzi, inazigandisha, na pale inapoishia ndipo waya utakapovunjika gari likitikisika. Tubane, tena kwa koleo la terminali ile ile. Kisha tuvute. "Vuta kama unamwamini nusu," alikuwa akisema. Kila waya uwe na mpira wake wa kuzuia maji, na tundu lisilotumika lizibwe, kwa sababu tope jekundu la milimani likishaingia humo haliombi ruhusa. Na pale karibu na konekta, nyaya zisifumuliwe ovyo. Fumua sentimita mbili tatu tu za kufikia terminali, basi.

Haya yote niliyajua. Nataka mlishike hilo. Nilipokosea sikuwa mwanafunzi. Mzee Tesha alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi kwao, na fundi mkuu nilikuwa mimi.

Chama cha wakulima wa Kinole kilinunua lori lililotumika, wakatuletea tulifungie kasha la friji. Mnakujua Kinole, juu kule Uluguru, mapapai, pasheni, mdalasini, kila kitu kinaota. Tatizo lao lilikuwa njia. Matunda mabichi yaliyochumwa asubuhi yalifika mjini yamelegea, na wanunuzi wakubwa wakawa hawayataki. Friji lile lilikuwa na injini yake ndogo ya dizeli. Mimi nikalifungia kani yake ya vifaa sita: kioo cha dereva na kisanduku cha kumbukumbu vikiwa mbele kwa dereva, vipima joto viwili, swichi ya mlango na friji lenyewe vikiwa nyuma kwenye kasha. Kisanduku kile kiliandika kila dakika friji limewashwa au limezimwa.

Kebo ya magari niliyoiagiza Dar haikufika. Mwenyekiti wa chama, Bi Mwajuma, alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kunihimiza kwa ukali. Alikuja tu, akakaa kwenye benchi letu, akasema, "Fundi, mapasheni yameanza kuanguka yenyewe." Nikaona aibu.

Nikaenda duka la kompyuta pale mjini nikanunua kebo ya intaneti, ile inayopitishwa kwenye kuta za ofisi. Nilikuwa na hoja zangu. Ina nyaya zilizosokotwa. Shaba yake ni nzuri. Urefu wetu ni mita chache, kasi yetu ni ndogo. Na kwa upande wa umeme hoja zangu zilikuwa sawa, hata leo ningezitetea. Lakini kebo ile, ndani ya kila ganda kuna uzi mmoja tu mnene wa shaba. Imetengenezwa ilale ukutani isiguswe miaka ishirini. Mimi nikaipitisha chini ya lori, kati ya kibanda cha dereva na kasha, nikaibana na terminali za nyaya za nyuzi nyingi, nikaifunga kwa vibanio vya plastiki hadi ikanyooka kama rula. Ilipendeza. Hata nilirudi nyuma hatua mbili nikaitazama.

Nikapima. Sitini.

Dereva wa chama alikuwa Mzee Mkude, Mluguru wa hapa hapa, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na mbili. Nilimwamkia shikamoo kila aliponiletea gari, naye aliitikia marahaba bila kuacha anachokifanya, maana alikuwa mtu wa kugusagusa gari lake kila wakati: kukaza kioo, kufuta taa, kusikiliza tairi kwa kulipiga teke. Hakuwa msemaji.

Miezi miwili ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kisha matunda yakaanza kufika yamelegea. Si kila safari, lakini mara kwa mara. Katibu wa chama akatoa kumbukumbu za kile kisanduku na kuzichapisha. Ndipo ilipoonekana: lori likitoka Kinole limejaa, friji limewashwa. Likianza kuteremka, limezimwa. Likikaribia Bigwa, barabara inapokuwa tambarare, limewashwa tena. Safari baada ya safari.

Mtu yeyote akiona karatasi ile angefikiri walichofikiri wao. Dereva anazima friji njiani ili dizeli yake isitumike, anaiuza, na akikaribia mjini analiwasha watu wasijue.

Mzee Mkude alikana. Alisema hajawahi kugusa swichi ya friji, na kwamba kioo chake kilimwonyesha ubaridi ule ule mteremko wote. Hilo lilimharibia zaidi, kwa sababu lilionekana uongo mbele ya karatasi.

Bi Mwajuma akanipigia simu kabla ya mkutano. "Fundi, wewe ndiye uliyefunga. Lipime, halafu uje utuambie."

Lori likaletwa Kihonda. Nikaliingiza ndani, kwenye sakafu yetu ya saruji, nikazima kila kitu, nikaweka mita. Sitini. Nikatikisa konekta. Sitini. Nikapanda Kinole na moyo mweupe kabisa.

Mkutano ulifanyika darasani, shule ikiwa imefungwa. Wakulima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mzee Mkude alisimama karibu na dirisha, kofia mkononi. Bi Mwajuma akaniuliza mbele ya wote:

"Fundi, hiki kisanduku kinaweza kusema uongo?"

Nikasema, "Nimepima njia yote, mama. Nyaya ni nzima."

Watu wakaguna. Mzee Mkude ndiye aliyezungumza, tena kwa utaratibu.

"Fundi, umelipima likiwa na mzigo au likiwa tupu?"

"Tupu, mzee. Liko karakana."

"Sasa mimi nateremka likiwa tupu?"

Nami nikajibu maneno ambayo nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko aya yoyote niliyofundishwa madrasa. Nikasema, "Mzee wangu, waya haujui kama gari limebeba au halikubeba."

Walicheka. Si kwa ubaya, walicheka tu kwa sababu lilisemwa na fundi na likasikika la akili. Mzee Mkude akavaa kofia yake, akatoka. Siku ile ile chama kikamwondoa kazini, akawekwa dereva mwingine.

Safari ya kwanza ya dereva mpya matunda yalifika yamelegea. Mnajua walisema nini? Walisema yalichumwa yameiva mno. Mwizi alikwisha patikana, basi kila kitu kingine kikatafutiwa sababu nyingine. Habari hiyo ilinifikia, na mimi pia nikaikubali.

Kilichonizindua ni kengele ya getini kwangu. Kipande cha ile kebo kilichobaki nilikuwa nimekitumia nyumbani, nikakipitisha kwenye bawaba ya geti kwenda kwenye kitufe cha nje. Asubuhi moja jirani yangu akanigombeza kwamba amebonyeza mpaka kidole kimemuuma. Nikatoka, nikabonyeza. Hailii. Nikafungua geti ili nione vizuri, nikabonyeza: inalia. Nikafunga: hailii. Nikafungua: inalia.

Nilisimama pale nikifungua na kufunga geti kama mtu aliyerukwa na akili. Kisha nikaleta kisu, nikachana ganda pale kwenye bawaba. Kwa nje kebo ilikuwa mpya kabisa. Ndani, uzi ule mmoja wa shaba ulikuwa umevunjika vipande viwili, ncha zikigusana geti likiwa wazi na kuachana likifungwa.

Nikakaa chini kwenye kizingiti. Sikuhitaji mita. Lori likiwa tupu kwenye sakafu tambarare, ncha zinagusana, nasoma sitini. Likijaa mzigo, likaanza kuteremka kona zile za mashimo, chesi, ile fremu ya chini, inajipinda, kasha linasogea, na kebo niliyoikaza kama rula haina pa kupumulia. Inavutika. Ncha zinaachana. Friji lisiposikia amri kutoka mbele linajizima lenyewe, ndivyo lilivyotengenezwa. Kisanduku kisipolisikia friji kinaandika limezimwa. Na kioo cha dereva kinabaki na namba ya mwisho kiliyoipokea, kinamwonyesha Mzee Mkude ubaridi ambao haupo. Likifika tambarare, ncha zinarudiana, friji linawaka. Yule mzee alisema kweli neno kwa neno.

Sikunywa chai. Nilipanda kwake, maana naye alikaa hapa hapa Bigwa, upande wa juu karibu na mto. Nilimkuta kwenye bustani ya mchicha na mkewe, wanamwagilia. Nikasema shikamoo. Mke akaitikia. Yeye akaendelea kumwagilia mpaka ndoo ikaisha, ndipo akasema marahaba.

"Mzee, nadhani waya wangu ndio uliozima friji."

"Unadhani."

"Sijahakikisha. Nataka twende tulipime likiwa limejaa, kwenye mteremko. Nakuomba uendeshe wewe, unazijua zile kona linapolalamika."

"Mimi siyo dereva wa lile gari," akasema. "Waombe wenye gari. Wakiniita wao, nitakuja. Ukiniita wewe nitaonekana nimekuja kutengeneza ushahidi."

Alikuwa sahihi, na mimi sikuwa nimeliwaza hilo. Nikampigia Bi Mwajuma nikiwa nimesimama pale pale kwenye mchicha. Nikamweleza yote. Akasema, "Mpe simu Mkude." Sikusikia alichoambiwa. Nilimwona tu akiitikia kwa kichwa mara mbili, akasema "Haya," akanirudishia.

Kesho yake lori lilijazwa Kinole kama siku yoyote ya kazi, mapapai chini, makreti ya pasheni juu. Tukapanda watatu mbele: Mzee Mkude kwenye usukani, Bi Mwajuma katikati, mimi dirishani na mita mapajani. Tuliteremka taratibu. Kwenye kona ya tatu, pale barabara inapolalia upande wa bonde, Mzee Mkude akasema, "Hapa ndipo huwa nasikia kasha likigonga." Akasimama. Tukaweka mawe kwenye tairi, akazima injini, nikachomoa betri, nikaweka mita kwenye plagi ya mbele.

Sikutaka kusoma mimi. Nikampa Bi Mwajuma.

"Imeandika ngapi, mama?"

Akaisogeza mbali na macho, halafu karibu. "Mia na ishirini."

"Inatakiwa sitini. Maana yake nyuma hakusikiki."

Mzee Mkude akafungua mlango. Alishuka akazunguka gari, nikamsikia akipiga tairi teke, moja baada ya jingine. Tukaunga betri, tukaendelea hadi pale njia inapotulia, tukarudia yale yale. Sitini. Bi Mwajuma aliisoma mwenyewe kwa sauti, kisha akaitazama tena kama mtu anayesoma barua yenye habari mbaya.

Nikaingia chini ya lori. Nikafungua konekta upande wa kasha, nikavuta waya mmoja kidogo tu, kwa vidole viwili. Ukatoka. Shaba ilikuwa imekatika shingoni mwa terminali, pale koleo langu lilipouminya uzi mnene ambao terminali ile haikutengenezewa. Kwa nje mpira ulikuwa mzima, safi, hata tope halikuingia. Konekta nzuri kabisa, imeshika waya usio wake.

Mnaniuliza kebo ipi ni nzuri. Nilichofunga safari ya pili ni hiki: waya wa nyuzi nyingi nyembamba, uliosokotwa, wenye ganda linalovumilia mafuta na joto. Terminali za unene ule ule, zilizobanwa kwa koleo lake na kuvutwa moja moja. Kati ya kibanda na kasha nikaacha mkunjo mkubwa wa kebo unaoning'inia, nikaubana kando ya konekta ili mvutano uishie kwenye kibanio na usifike kwenye terminali. Haukupendeza kama ule wa kwanza. Vijana wa karakana waliniuliza kwa nini nimeiacha inalegea. Kebo ya gari haikai, inasafiri. Mkichagua, ipelekeni kichwani safari nzima: itavutwa wapi, itapigwa na jiwe wapi, itaoshwa na nani kwa maji ya presha. Na mkimaliza, pimeni gari likiwa katika hali iliyolalamikiwa. Mtu akikwambia linasumbua likiwa na mzigo, tafuta mzigo. Akikwambia linasumbua mvua ikinyesha, chukua mpira wa maji. Yeye ndiye aliyekaa nalo.

Lakini kufunga kebo mpya ilikuwa kazi ya nusu siku. Kazi nyingine ilinibakia.

Mkutano ukaitishwa tena, darasa lile lile. Nilikuwa nimepanga maneno ya kueleza habari za uzi mmoja na nyuzi nyingi. Nilipoziona nyuso zile maneno yakaniisha, nikasema yaliyobaki. "Mzee Mkude hakuzima friji hata mara moja. Waya niliofunga mimi ndio uliozima. Aliponiambia hapa nimepima gari tupu, alikuwa anajua, na mimi nilikuwa sijui, nikamjibu kwa dharau. Naomba radhi kwake na kwenu."

Babu mmoja nyuma akauliza, "Sasa hiki kisanduku tukifute yale maandishi?"

Hapakuwa na namna ya kuyafuta. Kisanduku kile hakikuruhusu mtu kubadilisha kilichokwisha andikwa, na ndiyo sifa tuliyokinunulia. Bi Mwajuma akasema basi fundi aandike kwa mkono wake, karatasi ikae kwenye faili moja na zile nyingine, ili atakayezisoma zile aisome na hii. Nikaandika pale pale, nikaweka sahihi. Mzee Mkude akarudishiwa kazi. Akaichukua, lakini aliomba kitu kimoja: nimfundishe kutumia mita. "Sitaki tena kusubiri mtu mwingine aje aseme kama mimi ni mwongo," alisema. Nilimfundisha kwa wiki nzima. Alikuwa mwepesi kuliko wengi wenu.

Siku ya mwisho ya somo lile alinipa karatasi tupu na kalamu.

"Niandikie nakala nyingine."

"Ile iko kwenye faili la chama, mzee."

"Hii siyo ya chama. Ya binti yangu Rehema. Yuko darasa la sita. Hakuwepo mkutanoni. Alikuwepo shuleni walipokuwa wanamwita mtoto wa mwizi wa dizeli."

Nikaandika upya, polepole, kwa mwandiko ambao mtoto ataweza kuusoma. Nikasema nitaipeleka mwenyewe. Jioni tukapanda kwao wote wawili. Rehema alikuwa mlangoni anachambua mchele, akaniamkia kwa adabu, akaifuta mikono, akaipokea karatasi. Aliisoma yote, midomo ikitembea. Kisha akairudia kuanzia juu. Baba yake alikaa pembeni akijifanya anakaza kamba ya kiatu.

Alipomaliza aliniangalia, bila hasira, kama mwanafunzi anayeuliza hesabu.

"Mama, kwa nini hukulipima likiwa na mzigo?"

Nilitafuta jibu la kifundi. Yalikuwepo mengi: karakana haina mteremko, desturi ni kupima gari tupu, muda ulikuwa mfupi. Yote yangesikika vizuri.

"Kwa sababu baba yako ndiye aliyeniambia," nikamjibu, "na mimi sikutaka kufundishwa na dereva."

Akaikunja karatasi mara mbili, akaingia nayo ndani. Mzee Mkude akainuka, akanisogezea kigoda, akamwita mkewe alete chai.